Kundi la Kumi na Saba

Saa tisa usiku, Newcastle. Bangili nimeziacha
kabatini, pamoja na simu na jina langu.
Humu naingia macho tu,
glavu juu ya glavu, kofia juu ya ushungi,
na feni inavuma kama mtu aliyekataa kumaliza sentensi.

Simjui. Najua ana kilo themanini na moja,
kwa sababu dozi hupimwa kwa kilo.
Najua figo si yake, na aliyeitoa si nduguye.
Damu yake ilifika Jumanne ndani ya sanduku la baridi,
sumaku ikawachagua wachache,
wachache mno,
wale ambao kazi yao si kupigana.

Tumewalisha siku kumi na mbili:
joto la thelathini na saba, sukari, chumvi,
na ule mchuzi wa bei mbaya
ambao Philippa huumimina akiwa amezuia pumzi.

Wenzangu huwaita askari wa amani.
Mimi hapana. Askari ni askari.
Mimi nawaita kwa cheo cha mama yangu,
balozi wa nyumba kumi, Kihonda, Morogoro.
Hakuwa na bunduki. Alikuwa na daftari.
Akisikia sufuria zinarushwa
alikwenda kusimama mlangoni, kimya,
mpaka warushaji waone haya.
Na mpangaji mpya akihamia,
kabla vijana hawajaanza kumuuliza kabila,
mama alishamwandika: jina, atokako, watoto wangapi.
"Huyu nimemwandika," basi.
Jioni mgeni anaazimwa kiberiti.

Ndilo ninalowaomba hawa.
Nendeni mkamwandike.

Maana mgeni huyu hakungoja siku ya tatu apewe jembe.
Nimesikia alianza kulima palepale mezani,
uzi wa mwisho haujafungwa,
matone ya kwanza ya manjano yakashuka mrijani
na daktari, mtu mzima na mvi zake, akacheka kitoto.
Na bado walinzi wa mwenye nyumba wanamzunguka:
Nani wewe? Kibali kiko wapi?
(Swali hilo nalijua. Kaunta ya pili, mkoba wangu
umepinduliwa, dagaa wamelala juu ya vyeti.)

Kwa sasa walinzi wote hulazwa kwa vidonge,
wakali na wapole, asubuhi na jioni,
na nyumba ambayo mlinzi wake kalala
kila mwizi anaijua:
mafua, ukungu, kidonda cha ngozi kisichofunga.

Saa kumi. Nachota tone, natia buluu.
Aliyekufa huinywa rangi.
Aliye hai huikataa.
Nahesabu kwa kidole gumba, tik, tik,
jicho limegandama kwenye hadubini.
Kundi la kumi na sita waliinywa karibu wote.
Nililia chooni; Philippa akaniletea chai
yenye maziwa mengi kupita kiasi, nikaimaliza.
Hawa wanameta.
Tisini na nne kwa mia.
Nahesabu tena. Tisini na nne.

Alfajiri anakuja Alistair wa pikipiki,
theluji mabegani kama unga wa mashine ya kusaga.
Sanduku analifunga mkanda, analigonga mara mbili.
"Umenipa nini leo?" huuliza kila safari.
"Majirani," namjibu.
Anadhani ni Kiingereza changu.

Hospitali iko ng'ambo ya mto, dakika kumi na moja.
Sijui kama watatosha.
Utafiti nao haujui, ndiyo maana unaitwa utafiti.

Kituoni, nikingoja treni, napiga simu Kihonda.
Mama hajambo, goti tu.
"Mgeni wenu kalalaje?"
"Sijui, mama. Hawaniambii."
Nasikia karatasi zikifunguliwa.
"Mtaje basi."
"Sina jina lake. Nina kumi na saba."
"Kumi na saba," anarudia, polepole,
kama mtu anayeandika.